Nywele Zinaponyonyoka: Tujue Chanzo Kabla ya Kutafuta Dawa

Maelezo ya tabibu kwa wananchi wa Kata ya Malindi, Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto



Nimeombwa nizungumze juu ya kunyonyoka kwa nywele. Huenda wapo wanaojiuliza kwa nini tuache habari za malaria na kifua kikuu tushughulikie nywele. Zipo sababu mbili. Kwanza, nywele zinazonyonyoka mara nyingine hutangaza ugonjwa uliojificha mwilini. Pili, yako maradhi ya ngozi ya kichwa ambayo yakitibiwa mapema nywele hurudi, lakini yakicheleweshwa huacha kovu, na penye kovu nywele hazioti tena.

Tuanze na hali ya kawaida. Mtu mzima hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku, na nyingine huota mahali pake. Nywele hukua kwa wastani wa sentimeta 1 kwa mwezi. Kwa hiyo anayekuuzia dawa ya kuotesha nywele kwa wiki moja anakudanganya.

Nije kwa watoto wetu. Ugonjwa unaowasumbua zaidi watoto wa shule ni mapunye. Huletwa na fangasi, na dalili zake ni mabaka yenye magamba, kuwashwa, na nywele zilizokatika karibu na ngozi. Huambukizwa kwa kugusana, na kwa kuchangia chanuo, taulo, wembe na kofia. Huku milimani baridi ya Juni na Julai hutufanya tuvae kofia, na watoto hupenda kubadilishana. Kila mtoto na awe na kofia yake, nayo ifuliwe.

Ndugu wananchi, hapa ndipo tunapokosea sana. Mzazi hununua mafuta ya kupaka, hupaka mwezi mzima, na ugonjwa haupoi. Sababu ni kwamba fangasi huyu huingia ndani ya mzizi wa unywele, mahali ambapo mafuta peke yake hayafiki. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza, kama vile griseofulvini, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake. Kwa kawaida humezwa kwa wiki 6 hadi 8, pamoja na chakula chenye mafuta ili ifyonzwe vizuri. Wengi huacha dawa mara tu magamba yanapopungua, na ugonjwa hurudi. Ndugu zake wa nyumba moja nao wakaguliwe.

Wakati mwingine mapunye hugeuka kuwa uvimbe laini unaotoa usaha. Msiupasue wala msiukande kwa maji ya moto. Mpelekeni mtoto kwa tabibu upesi, kwa maana hali hiyo ndiyo inayoacha kovu la kudumu. Nanyi walimu, nawaomba: mtoto aliyekwisha kuanza dawa hana sababu ya kuzuiwa darasani, wala kuchekwa na wenzake.

Sasa nizungumze na akina mama na mabinti. Nywele zikisukwa kwa kubanwa sana, au zikifungwa rasta nzito, mizizi huvutwa mchana na usiku. Dalili ya kwanza ni maumivu na vipele vidogo, kisha nywele za panda za uso na za mbele huanza kupungua. Ukiona hivyo, fumua, pumzisha kichwa, na usiweke dawa ya kulainisha nywele juu ya ngozi iliyochubuka. Katika hatua hiyo nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka, ngozi huwa laini na kung'aa, na hapo mizizi imekwisha kufa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Msusi mwema ni yule anayelegeza mteja anapolalamika kuwa anaumia.

Wako pia akina mama ambao miezi 2 hadi 4 baada ya kujifungua huona nywele zikitoka kwa wingi kila wanapochana. Hali hiyo huweza kumpata pia mtu aliyeugua homa kali, aliyefanyiwa upasuaji au aliyekonda kwa haraka. Inatisha, lakini kwa kawaida hupoa yenyewe katika miezi 6 hivi. Lililo muhimu ni lishe bora, na kupima damu kama kuna uchovu na kizunguzungu, kwani upungufu wa madini ya chuma nao hupunguza nywele.

Ipo aina nyingine ambayo kwayo mtu huamka na kuona duara tupu kichwani, laini, bila magamba wala maumivu. Wapo wanaodhani amerogwa. Sivyo. Ni kinga ya mwili inayoshambulia mizizi ya nywele kwa makosa. Haiambukizi. Mara nyingi nywele huota tena zenyewe, na daktari wa ngozi anaweza kusaidia kwa dawa za kupaka au sindano.

Upara wa kurithi kwa wanaume huanzia mbele na utosini, na wala si ugonjwa. Dawa iitwayo minoksidili huwasaidia baadhi ya watu, lakini faida yake hukoma ukiacha kuitumia. Asiyeona haya kwa upara wake hana haja ya kugharamika.

Mwisho, yako maradhi ya ndani. Tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa hupunguza nywele, na hii ni sababu moja ya kutumia chumvi yenye madini joto. Kaswende nayo huweza kuzitoa nywele kwa mabaka mabaka, na hutibika kwa sindano za penisilini.

Mtakapokwenda kutibiwa, mtaulizwa: hali ilianza lini, nywele zinatoka kichwa kizima au mahali pamoja, mnatumia dawa gani, na nani mwingine nyumbani ana dalili hizo. Jibuni bila kuficha. Tabibu ataitazama ngozi, na akishuku fangasi anaweza kukwangua magamba yapimwe kwa hadubini. Anzeni zahanati. Ikihitajika mtapewa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya Lushoto, kisha Bombo mjini Tanga, au KCMC mjini Moshi, ambako kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi.

Nawasihi jambo moja kabla sijaketi. Msipake kichwani mafuta ya taa, wala krimu kali zinazouzwa bila maelezo. Huunguza ngozi au huficha ugonjwa hadi unapokuwa mkubwa. Leo mkirudi nyumbani, kila mzazi amvue mwanawe kofia, akitazame kichwa chake penye mwanga. Akiona baka, asingoje mavuno wala siku ya gulio.