Maneno Madogo, Kibaba Kikubwa

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya tarawehe)



Ndugu zangu, mchana kutwa matumbo yamefunga. Je, ndimi nazo zimefunga?

Mwaka 1970, Chester Pierce, Mmarekani mweusi aliyekuwa daktari wa magonjwa ya akili Chuo Kikuu cha Harvard, alitunga neno maikroagresheni. Maana yake ni uchokozi mdogo mdogo: neno au kitendo cha dharau ambacho mara nyingi mtu hukifanya bila hata kufikiri. Mwaka 2007 Derald Wing Sue na wenzake walilieneza zaidi. Kwa mfano, Mmarekani mwenye asili ya Asia kazaliwa huko huko, lakini kila mara anaulizwa ametoka wapi.

Je, neno hili latufaa? Makanga akikufokea, pengine anamfokea kila abiria. Huo ni utovu wa adabu tu. Lakini dada wa buibui akiulizwa leo, "Wewe ni Mkenya kweli?", kesho tena, na kesho kutwa tena, jamani, hilo si swali tena. Haba na haba hujaza kibaba. Hapo neno hili lafaa, maana latuonyesha kwa nini mtu analia kwa jambo tunaloliona dogo.

Na tusiwanyooshee wengine vidole tu. Kijana aliyesilimu akija kufuturu nasi, huyu anamuuliza jina lake la zamani, yule anacheka anavyotamka Kiarabu. Kila mmoja anasema, "Nilikuwa natania." Kumbe kibaba chake kimejaa. Ijumaa ijayo hatumwoni.

Lakini neno lina hatari yake. Mwaka 2017 mwanasaikolojia Scott Lilienfeld alilikosoa: mipaka yake haiko wazi, na hukumu yategemea mno hisia za msikiaji. Mtu anaweza kukuuliza kwenu wapi kwa kuwa anatafuta ujamaa tu.

Qur'ani imeyaweka yote mawili pamoja. Katika Sura Al-Hujurat, aya ya 11 inakataza dharau na majina mabaya: hiyo ni ya msemaji. Aya ya 12 inaonya juu ya dhana: hiyo ni ya msikiaji. Basi ukiumizwa, mwambie mwenzako kwa upole; ya moyoni mwake mwachie Mola. Nawe ukiambiwa, usiseme ulikuwa unatania. Sema samahani, kisha uache.

Wabillahi tawfiq.