Nyimbo ni za msanii, umati ni wa nani?

Juma hili nataka tuzungumzie filamu. Wapo watakaosema mambo ya filamu ni ya vijana. Hii nawaomba mnivumilie hadi mwisho.

Inaitwa Nashville, kazi ya Mmarekani Robert Altman, na ilitoka mwaka 1975. Nashville ni mji wa jimbo la Tennessee na ndiyo makao ya muziki wa kantri, muziki ambao wengi wetu Afrika Mashariki tuliujua redioni kwa sauti ya Jim Reeves. Filamu hii haina nyota mmoja. Ina wahusika wakuu 24, nayo inawafuata kwa siku tano: waimbaji wenye majina, mashabiki, na watu waliokuja mjini kujaribu bahati.

Wengi husema ni filamu ya muziki. Mimi nasema ni filamu ya mkutano wa hadhara. Tangu mwanzo gari la matangazo linazunguka mitaani likimnadi mgombea urais, Hal Phillip Walker. Uso wake hatuuoni hata mara moja. Tunayemwona ni mpambe wake, anayepita huku na huko akitafuta waimbaji wa kumjazia uwanja. Hahubiri siasa. Kila mtu anamwambia lile analopenda kusikia. Haven Hamilton, mwimbaji mkongwe, anadokezewa kwamba ataungwa mkono akiutaka ugavana.

Anayenitia uchungu zaidi ni Sueleen Gay, mhudumu wa mgahawa anayeota kuwa nyota. Kuimba hajui. Anaalikwa kuimba katika karamu ya wanaume ya kuchangia kampeni. Anazomewa. Kisha anaambiwa kwamba akivua nguo atapewa nafasi ya kuimba jukwaani pamoja na nyota mkubwa Barbara Jean. Anavua. Siku ya mkutano ikifika, haimbi.

Mkutano wenyewe unafanyika mbele ya jengo la Parthenon, bango la mgombea likiwa limetundikwa juu ya wasanii. Barbara Jean anapigwa risasi. Katika ghasia hizo kipaza sauti kinaangukia mikononi mwa mwanamke asiyejulikana, naye anaanza kuimba. Haupiti muda umati unaitikia. Aliyeanguka ameshabebwa, na nyimbo zinaendelea.

Ndugu wasikilizaji, tusidhani haya yalizuliwa na Altman. Kipindi cha Grand Ole Opry, kilichoupa mji huo sifa, kilianza mwaka 1925 katika redio WSM iliyokuwa mali ya kampuni ya bima. Wapiga fidla na banjo walikusanya wasikilizaji, na kampuni ikauza bima. Tangu awali msanii aliita watu, na mwingine akawa na bidhaa ya kuwauzia.

Kwetu je? Mwaka 2002 nchini Kenya wimbo "Unbwogable" wa vijana Gidi Gidi Maji Maji uligeuka kuwa kauli ya kampeni ya NARC, na NARC ikashinda. Huku na kule, kampeni bila bendi haijai watu. Jambo hilo silipingi. Msanii ni raia, ana haki ya kuwa na upande wake, na ana watoto wa kulisha.

Ninachodai ni kidogo. Anayemwita msanii jukwaani amweleze wazi ni mkutano wa nani, atalipwa kiasi gani, na ahadi hiyo iandikwe. Msanii chipukizi, hasa binti, asiambiwe kwamba njia ya kufika jukwaani inapitia kwenye aibu. Na sisi tunaokwenda uwanjani tujiulize: tumekuja kusikiliza wimbo, au tumekuja kuhesabiwa?

Maana wimbo ukiisha, msanii hufungasha vyombo vyake akaenda. Umati humbakia mwenye bango.