Kabla ya Kumkabidhi Mtoto: Namna ya Kumpata Mlezi Mwaminifu

Mada iliyotolewa na Afisa Ustawi wa Jamii katika mkutano wa hadhara wa wakazi wa kata

Kila alfajiri, kabla jua halijachomoza, kina mama na kina baba wa kata hii hufunga milango ya nyumba zao na kwenda kutafuta riziki sokoni, shambani na maofisini. Nyuma yao hubaki mtoto mikononi mwa mtu mwingine: yaya, dada wa kazi, bibi au jirani. Kwa saa nane au kumi, mtu huyo ndiye mama, ndiye baba, ndiye askari wa nyumba.

La kushangaza ni kwamba mzazi anayenunua simu hudai kwanza risiti na dhamana, lakini mzazi huyohuyo humpokea yaya aliyeletwa na dalali jioni, na asubuhi yake humwachia mtoto bila hata kulijua jina lake la ukoo.

Mathalani, binti wa miaka 13 amebaki na mtoto wa miaka miwili. Saa nne asubuhi mtoto anaiona chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya taa, anakunywa. Binti anaogopa kupigwa, ananyamaza. Kisha anajaribu kumtapisha, asijue kuwa mafuta hayo yakipanda huweza kuingia mapafuni na kuzidisha madhara. Hana simu, hajui zahanati iko upande gani. Katika nyumba hiyo hakuna mwovu. Yupo mtoto aliyeachiwa kazi ya kumlinda mtoto mwenzake.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya umri wa miaka 18 kuwa mtoto. Umri wa chini wa kufanya kazi ni miaka 14, tena iwe kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Na mtoto haruhusiwi kufanya kazi usiku. Yaya anayeishi nyumbani huamka na mtoto usiku wa manane. Kwa hiyo, mlezi anayestahili ni mtu mzima, mwenye miaka 18 au zaidi.

Jambo la kwanza ni kumfahamu. Mzazi aone kitambulisho cha Taifa au barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji au mtaa anakotoka yaya. Azungumze na wazazi wake kwa simu. Amtafute pia mwajiri wa awali na kumuuliza swali moja: je, angekubali kumwachia tena watoto wake? Baada ya hapo, yaya apelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa akatambulishwe. Mwenye nia njema haoni shida kufahamika, na utambulisho huo humlinda yeye pia.

Jambo la pili ni kumtazama akiwa kazini. Inapowezekana, mzazi abaki naye nyumbani siku chache za mwanzo. Tabia ya mlezi haionekani mtoto anapocheka, bali anapomwaga uji au anapolia kwa muda mrefu. Aulizwe maswali ya vitendo: mtoto akipaliwa atafanya nini? Akipata homa kali, atampigia nani?

Jambo la tatu ni makubaliano. Mshahara, tarehe ya kulipwa, siku ya mapumziko na mipaka ya kazi viandikwe, na kila upande ubaki na nakala. Mkono mtupu haulambwi. Yaya asiyelipwa miezi mitatu, anayelala na njaa na kutukanwa mbele ya watoto, hawezi kutarajiwa kuwa na moyo wa upole mchana kutwa. Heshima anayopewa mlezi ni sehemu ya ulinzi wa mtoto.

Jambo la nne ni nyumba yenyewe. Mafuta ya taa, dawa na sumu za wadudu visihifadhiwe katika chupa za vinywaji, na viwekwe mahali pasipofikika. Ndoo na mabeseni ya maji yafunikwe au yamwagwe, kwa kuwa mtoto mdogo huweza kuzama hata katika maji machache. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Namba za wazazi, za jirani mmoja na za zahanati zibandikwe ukutani, pamoja na 112 ya Polisi na 114 ya Zimamoto. Simu ya nyumbani isikose salio.

Jambo la tano ni kumsikiliza mtoto. Afundishwe mapema kwamba sehemu zake za siri haziguswi kwa mchezo, na kwamba hakuna siri ya kumficha mama au baba. Mtoto aliyeanza tena kukojoa kitandani, anayeshtuka usingizini au kumkataa mtu fulani ghafla, aulizwe kwa upole. Si haki kumshuku yaya peke yake. Anayedhuru anaweza kuwa ndugu, jirani au hata dereva wa bodaboda anayempeleka shule.

Mzazi anayechagua kituo cha kulelea watoto mchana aulize cheti cha usajili, ahesabu walezi na watoto, akague vyoo, uzio na maji, na siku nyingine apite bila taarifa.

Ikitokea dalili ya ukatili, jambo hilo lisimalizwe kifamilia kwa fidia ya mbuzi au fedha. Sheria inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za haki ya mtoto kuvunjwa aziwasilishe kwa serikali ya mtaa au kijiji. Taarifa hupokelewa pia katika Ofisi ya Ustawi wa Jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, na kwa kupiga 116 bila malipo. Mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla hajafikishwa kituo cha afya. Mtuhumiwa asipigwe, aachiwe vyombo vya sheria.

Ndugu wananchi, usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku mbili za kuuliza na kuhakiki ni gharama ndogo. Na yule aliyekwisha kumwajiri yaya bila kumfahamu hajachelewa: leo jioni, arudipo nyumbani, aketi naye amuulize kwao ni wapi.