Mboga bila shamba: mambo tuliyojifunza Kashebere

(Maneno tuliyoyasema mbele ya familia za wakimbizi wa ndani, wenyeji na viongozi)



Kashebere yetu iko mpakani mwa Masisi na Walikale. Vita vilipoingia Goma Januari 2025 na kufika Walikale-centre Machi mwaka uleule, watu wengi wa vilima hivi waliacha mashamba yao. Anayefika mikono mitupu anaomba kipande cha ardhi. Mwenyeji naye ana watoto wa kulisha. Akitoa, anaogopa kwamba kesho itasemwa ardhi si yake tena. Akikataa, lengalenga zinakatwa usiku. Kesi nyingi tunazozisikia zinaanzia kwenye tuta moja tu la mboga.

Kwa sababu hiyo tunaongea leo juu ya kukuza mboga pasipo udongo. Mzizi hauli udongo. Hunywa maji yenye chumvi za chakula zilizoyeyuka. Ukiupa mmea maji hayo ndani ya beseni ya changarawe iliyooshwa, utakua. Wengine waliohamishwa wamekwisha kufanya kazi ya namna hii. Karibu na Tindouf, nchini Algeria, wakimbizi wa Sahara Magharibi walianza mwaka 2017, kwa msaada wa PAM, kuotesha shayiri bila udongo kwa ajili ya mbuzi wao. Majani yale huwa tayari kwa muda wa juma moja hivi.

Mboga za watu zinahitaji chakula kingi zaidi, na chumvi za dukani hatuna fedha ya kuzinunua. Tulicho nacho ni mavi ya mbuzi na ya sungura, maganda ya ndizi na mabaki ya jikoni. Na hapo tuseme ukweli: mara ya kwanza tulikosea. Tuliloweka mavi mabichi usiku mmoja, asubuhi tukamwagilia. Majani yaligeuka manjano, mizizi ikaoza na kunuka. Mama waliotuamini walipoteza miche yao, na walikuwa na haki ya kutukasirikia.

Sababu ni hii. Mavi mabichi hutoa amonia nyingi, nayo huunguza mizizi. Kuna vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo huigeuza kuwa nitrati, chakula ambacho mmea hukipokea vizuri. Vijidudu hivyo vinataka vitu viwili: hewa na muda. Basi fanyeni hivi:

1. Rundikeni mavi na maganda, mfunike, mgeuze mara kwa mara mpaka yawe meusi na yanukie kama udongo wa msituni.
2. Tieni mboji hiyo ndani ya ndoo ya maji, mkoroge kila siku ili hewa iingie. Ngojeni majuma 3 au 4, na zaidi penye baridi. Ikinuka vibaya, bado.
3. Chujeni kwa kitambaa, mchanganye sehemu 1 na sehemu 10 za maji, rangi iwe kama chai hafifu.
4. Mwagieni kwenye changarawe, si juu ya majani. Chombo kisipitishe mwanga, la sivyo maji yatajaa utando wa kijani.

Jambo la afya halina mjadala. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwongozo kwamba kinyesi cha binadamu kihifadhiwe zaidi ya mwaka 1 penye joto, na mwaka 1 na nusu hadi 2 penye baridi, kabla ya kutumika shambani. Kambini watu huhamahama na kolera haijatoka Kivu. Kwa hiyo sisi tunasema: cha chooni kisiingie kabisa. Hata mboga zilizolishwa kwa mavi ya mbuzi zioshwe na zipikwe.

Sasa tuje kwenye amani. Beseni zilipoanza kutoa mboga, mavi yaliyokuwa yanatupwa yakawa mali. Kijana mmoja alizoa zizini kwa mwenyeji bila kuomba, maneno yakawa makali. Wazee waliwakalisha wote wawili, wakapatana: anayetoa mavi apate fungu lake la mboga, beseni ikiwekwa uani kwa mwenyeji, ua unabaki wake, mkimbizi akirudi kwao, anabeba beseni yake. Ndiyo faida yake kubwa: beseni haina mpaka. Hakuna anayeweza kusema imemnyang'anya ardhi.

Lakini tusidanganyane. Beseni haitoi muhogo, wala maharagi, wala ndizi. Itaongeza mboga kwenye sahani ya watoto, basi. Viongozi wetu, tafadhali, asiwepo wa kusema: "Mna beseni zenu, kwa nini mnadai mashamba?" Haki ya mtu kurudi kwenye shamba lake haiwezi kulipwa kwa lengalenga.

Tunaomba mchague wenyeji 3 na wakimbizi 3, wanawake wawemo, wakae nasi tuandike mapatano ya mavi, ya maji na ya ua kabla ya kupanda. Tulipotangulia kupanda, tuliishia kwa wazee. Safari hii tuanze kwao.