FLETI ZA NAIROBI: TUPIGE HESABU KABLA YA KUTOA PESA

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Vikundi kadhaa vimetuletea swali moja. Kuna watu wanakuja huku kwetu na karatasi zenye picha nzuri, wanasema: "Unganisheni akiba, mnunue fleti Kilimani au Kileleshwa, mle kodi kila mwezi." Sisi hatusemi mkatae, wala hatusemi mkubali. Tunasema tuelewe kwanza bei hiyo imetoka wapi.

Zamani sehemu hizo za magharibi mwa Nairobi, pamoja na Lavington na Westlands, zilikuwa na nyumba moja moja katikati ya bustani kubwa. Siku hizi ploti kama hiyo inaweza kubeba fleti mia na zaidi. Sababu ni ardhi. Tuseme ekari moja ni shilingi milioni 400. Ukijenga nyumba moja, mnunuzi mmoja anabeba gharama yote ya ardhi. Ukijenga fleti 200, kila mmoja anabeba milioni 2. Ndiyo maana fleti ndogo inaonekana rahisi mahali ambapo ardhi ni ghali. Lakini mwenye ploti naye si mjinga: akijua ploti yake itabeba fleti 200, anapandisha bei.

Na kwa nini watu wanazipenda? Katika nyingi ya hizi mpya, chini kuna duka, kinyozi, dawa na chakula. Juu watu wanalala. Anayefanya kazi Westlands au Upper Hill hapotezi saa nyingi ndani ya matatu. Jambo hili si geni. Katikati ya jiji, kule River Road na Biashara Street, majengo ya zamani ya wafanyabiashara Wahindi yalikuwa na duka chini na familia juu. Kipya ni urefu wa jengo na wingi wa watu.

Wingi huo una gharama yake. Mabomba ya maji na ya maji taka yaliwekwa kwa watu wachache. Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, huko Murang'a, lililomalizika mwaka 1994, na bwawa haliongezeki kwa sababu ghorofa zimeongezeka. Basi jengo linachimba kisima chake, linanunua maji ya lori, linaweka jenereta, lifti na walinzi. Anayelipa ni mwenye fleti, kwa ada ya huduma ya kila mwezi, hata kama hana mpangaji.

Haya, tupige hesabu ya mfano. Fleti ni shilingi 6,000,000, kodi ni 45,000 kwa mwezi. Ikikaa wazi mwezi mmoja, kwa mwaka mnapata 495,000. Toa ada ya huduma ya 6,000 kila mwezi, yaani 72,000. Toa asilimia 10 ya wakala, 49,500. Inabaki 373,500, kabla ya marekebisho na kodi ya serikali. Hiyo ni karibu shilingi 6 kwa kila 100 mlizoweka. Tena siku ya kununua kuna ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, na ada ya wakili. Sasa mweka hazina alinganishe na faida ya Sacco, au ya ng'ombe wa maziwa wa kikundi.

Jambo la pili ni hati. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za jengo inampa mnunuzi hati miliki ya fleti yake, pamoja na fungu lake katika vitu vya pamoja kama ngazi na lifti. Wenye fleti wote ndio wanaounda chombo cha kusimamia jengo. Asiyekuwa na hati ana karatasi ya ahadi tu. Na kama ardhi yenyewe imewekwa rehani benki, ahadi hiyo inaweza kuingia hatarini.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, ulizeni:

1. Ardhi ni ya nani, na ina deni? Kwa Nairobi, hati hutafutwa kupitia Ardhisasa, mtandao wa serikali ulioanza mwaka 2021.

2. Jengo lina kibali cha kaunti na cha NEMA? Limeandikishwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi?

3. Kama fleti bado ni picha, tutalipa kufuatana na hatua za ujenzi? Ikichelewa, mkataba unasemaje?

4. Ada ya huduma ni ngapi, na nani anaweza kuipandisha?

5. Hati itaandikwa jina la nani? Isiwe jina la mwenyekiti peke yake.

6. Mwanachama akitaka kutoka, atapewaje fungu lake? Fleti haikatwi vipande kama mkate.

Mtafute wakili wenu wenyewe, si wa muuzaji. Halafu mkutano mzima uamue, na uamuzi uandikwe. Pesa hizi ni za mama aliyeuza mayai na mzee aliyeuza kahawa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Anayewaharakisha akisema bei inapanda kesho, mwambieni kikundi hukutana mwezi ujao.