Senene Si Kioja

Januari 2023 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa nyenje uuzwe kama chakula cha watu. Uingie kwenye mkate, kwenye biskuti, kwenye supu, ilimradi pakiti iseme wazi kilichomo. Italia haikukaa kimya: Machi mwaka huo huo serikali yake ikatangaza kwamba unga wa wadudu hautagusa piza wala tambi. Mwaka uliofuata, Julai 2024, Singapore ikaruhusu aina 16 za wadudu kwa mpigo.

Habari hizo zilisomwa huku kwetu pia. Zile nilizozisikia mimi ziliwekwa mwisho kabisa wa taarifa, baada ya michezo, mahali pa vioja, na msomaji alikuwa akijizuia kucheka. Hapo ndipo ninapokataa.

Mimi ni mtoto wa Kagera, Tanzania. Mvua zikishakolea, Novemba kuingia Desemba, senene, panzi wetu wa kuliwa, hushuka usiku: wengi wa kijani, wengine wa kahawia, wachache wamepata rangi ya zambarau. Watoto hudamka kuwaokota majanini jua halijawapasha mbawa. Kazi ndefu ni kunyonyoa. Mbawa zitoke, miguu itoke, na watu wamekaa mkekani, ungo katikati, maongezi yanaendelea mpaka vidole vinauma. Kwenye sufuria huhitaji kutia mafuta, kwani senene ana mafuta yake, karibu nusu ya uzito wake akishakauka, na hayo ndiyo yanayomkaanga. Unatia chumvi, ukipenda na kitunguu, unageuza taratibu mpaka avunjike mdomoni. Wa kuwekwa hukaushwa, na hao ndio wanaosafiri. Muulize Mhaya yeyote anayeishi Dar es Salaam anavyojisikia akipigiwa simu kwamba kuna mfuko wake umekuja na basi la Bukoba.

Sina nia ya kuyapamba ya zamani. Uhayani, na kwa majirani zetu Waganda, mwanamke ndiye aliyeokota, akanyonyoa, akakaanga, lakini kula kukaachiwa mume. Kule Buganda mume mwenye adabu alimlipa mkewe kwa gauni jipya la gomesi. Mwiko huo umekufa, na nafurahi umekufa. Bibi zetu walinusa harufu ile msimu baada ya msimu bila kuonja, na sioni cha kuenzi hapo. Upo mwiko mwingine ninaouheshimu: katika Buganda kuna ukoo wa Nsenene, ambao senene ndiye alama yao, na hawamli kabisa. Hao wamemwacha kwa kumtukuza.

Sasa nikukumbushe kisa cha Novemba 2021. Ndani ya ndege ya Uganda Airlines iliyokuwa ikienda Dubai kutoka Entebbe, mtu alionekana akiuza senene kwenye mifuko ya plastiki, na abiria wanagombania kununua. Video ikaenea. Nakubali kwamba ndege si gulio, na kwamba kila abiria anapaswa kutulia kwenye kiti chake. Lakini maneno mengi niliyoyasoma wiki ile hayakuhusu usalama. Watu walisema nchi imeaibishwa mbele ya wageni. Aibu ipi? Angekuwa anauza karanga, wangemwambia akae chini, na mambo yangeishia hapo. Shirika lenyewe likasema linafikiria kuwaweka senene kwenye orodha ya vyakula vyake vya angani. Jibu hilo lilinipendeza sana, kwa sababu lilimchukulia senene kama chakula.

Kule ambako wadudu wamekuwa mtindo mpya wa lishe, wanauzwa wamesagwa, usione mguu wala jicho, kwa wajenga misuli na wanaohesabu gramu za protini. Mwaka 2013 FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, lilitoa ripoti iliyosema watu wapatao bilioni 2 duniani hula wadudu, na kwamba aina zaidi ya 1,900 zimetumika kama chakula. Ikaeleza pia kwamba nyenje anahitaji malisho machache mno kuliko ng'ombe ili kutoa kiasi kile kile cha protini. Sina ugomvi na hayo. Kinachoniuma ni kijana wa Mwanza au Nairobi anayejinyima ili anunue kopo la unga wa protini kutoka ng'ambo, na huku kumbikumbi wanaoliwa kwa shangwe magharibi mwa Kenya anawaona uchafu. Huyo hajafundishwa lishe, amefundishwa kuionea haya sahani ya mama yake.

Neno moja la tahadhari kwa anayetaka kuanza leo. Kama kamba au kaa humvimbisha midomo au humtoa vipele, asiguse senene wala nyenje, maana wadudu na kamba ni jamaa na mwili unaweza kuwakataa wote. Ulaya imelazimisha onyo hilo liandikwe kwenye pakiti.

Habari ambayo ningependa isomwe mwanzoni mwa taarifa ni nyingine kabisa: senene wanapungua. Huko Masaka, Uganda, ambako biashara hii ni kubwa kuliko kokote ninakokujua, wategaji wamekuwa wakilalamika kwamba iko misimu wanakesha na mapipa yanabaki matupu. Mtego wa siku hizi una nguvu za kutisha. Taa kali zinazoonekana kutoka vilima vya mbali, mabati yamesimamishwa kwa mteremko, pipa chini ya kila bati, na moshi wa nyasi mbichi wa kumlevya senene ateleze. Vijana wanaokesha chini ya taa hizo wanaumia macho. Kagera nako mabati na taa vimeingia. Wakati huo huo kwenye nyasi na mabonde anakozaliana panalimwa na kujengwa, na misitu ya kandokando ya Ziwa Viktoria inakatwa. Tunamvuna kwa nguvu zaidi kila msimu, na tunambomolea nyumba.

Watafiti hawajalala. Katika Chuo Kikuu cha Makerere wanajifunza namna ya kumfuga. Bondo, nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kina kituo kizima cha wadudu wa chakula na malisho. Nawaunga mkono, ila mkulima wa Muleba, kwetu Kagera, hawezi leo kwenda dukani kununua mbegu ya senene kama anavyonunua vifaranga. Kwa sasa tuna hawa wanaoshuka wenyewe, basi.

Kuwapumzisha viumbe ili wazaliane si jambo geni: nchi zinazolizunguka Ziwa Tanganyika zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa muda, na mwaka 2024 upande wa Tanzania ziwa lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Wavuvi walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika, kwani watoto hawali mikataba. Lakini lilifanyika. Ombi langu kwa senene ni dogo kuliko hilo. Halmashauri za Bukoba, Missenyi na Muleba zikae na wategaji, zikubaliane nao usiku gani taa zizimwe, na mabonde gani nyasi ndefu ziachwe bila kuguswa na jembe. Wategaji waitwe kabla kanuni haijaandikwa, maana wao ndio wanaojua mwezi upi, upepo upi na kilima kipi. Na kikao hicho kifanyike kabla ya Novemba.