Mshauri Baada ya Utepe Kukatwa: Safari za Kikazi za Viongozi wa Teknolojia katika Ushauri Elekezi



Nimeombwa nizungumzie safari za kikazi za viongozi waandamizi wa teknolojia walio katika ushauri elekezi. Nitazipima safari hizo kwa swali moja: mtu anayekuja kutushauri amewahi kubaki na mfumo baada ya utepe kukatwa na wageni kuondoka? Naamini swali hilo lina uzito kuliko shahada na vyeti vyote tunavyovipangia alama kwenye zabuni.

Ushauri wa mifumo kwa sehemu kubwa ulilelewa ndani ya kampuni za ukaguzi wa hesabu. Andersen Consulting ilijitenga na wakaguzi wa Arthur Andersen, na tarehe 1 Januari 2001 ikaanza kuitwa Accenture. Mwishoni mwa mwaka huo Enron, kampuni iliyokuwa ikikaguliwa na Arthur Andersen, ikaanguka, wakaguzi hao nao wakaporomoka, na mwaka 2002 Marekani ikatunga sheria ya kuwabana wakaguzi wasiuze ushauri wa mifumo kwa kampuni zilezile wanazozikagua. Mwaka huohuo PwC iliuza kitengo chake cha ushauri kwa IBM kwa takriban dola bilioni 3.5. Mshauri aliyekuwa na ndoto ya kuwa mbia katika kampuni ya wakaguzi akajikuta mwajiriwa wa kampuni inayounda mitambo na kuiendesha.

Aliyekabidhiwa kazi ya kuunganisha pande hizo mbili ni Ginni Rometty. Alisoma sayansi ya kompyuta na uhandisi wa umeme, akaingia IBM mwaka 1981 kama mhandisi wa mifumo mjini Detroit, na akahamia kitengo cha ushauri mwaka 1991, takriban miaka kumi baadaye. Mwaka 2012 akawa mwanamke wa kwanza kuwa mtendaji mkuu wa IBM. Vijana wetu hupenda kukitaja cheo hicho cha mwisho. Mimi nawaomba waiangalie ile miaka kumi ya mwanzo.

Lou Gerstner alipita njia ya kinyume. Alikuwa mshauri McKinsey kwa zaidi ya miaka kumi, kisha akaenda American Express, ambako alikuwa mteja wa IBM. Alipokabidhiwa IBM mwaka 1993, kampuni ilikuwa inakula hasara kubwa na mpango wa kuigawa vipande ulikuwa mezani. Aliusimamisha. Akiwa mteja alikuwa ameona kwamba wenye mifumo mikubwa wanamhitaji mtu wa kufanya mitambo ya watengenezaji mbalimbali ielewane, na huduma hiyo ndiyo IBM ikaiuza kwa miaka iliyofuata. Ushauri ulimfundisha kuchambua, lakini ni kukaa upande wa anayelipa ndiko kulikomwonyesha tatizo lenyewe.

Mfano wa tatu uko hapa nyumbani, na ndio ninaouthamini zaidi. M-Pesa ilianza kama wazo la Nick Hughes wa Vodafone, Uingereza, likachangiwa fedha na idara ya maendeleo ya kimataifa ya nchi hiyo. Programu yake ya kwanza iliandikwa na Sagentia, kampuni ya ushauri wa teknolojia ya Cambridge. Lengo la awali lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kurejesha mikopo kwa simu. Majaribio yalianza Kenya Oktoba 2005 kwa mawakala wachache na wateja wasiozidi mia chache, chini ya usimamizi wa Susie Lonie, ambaye alihamia Kenya kwa kazi hiyo.

Kwa kuwa alikuwapo, yeye na wenzake waliona mambo yasiyokuwamo kwenye mpango. Wateja walikuwa wakinunua muda wa maongezi na kuwatumia jamaa zao walioko mbali. Wafanyabiashara waliweka mauzo ya jioni kwa wakala, maana benki zilikuwa zimeshafungwa. Wengine waliweka fedha mwanzo wa safari na kuzitoa wafikapo, ili wasitembee nazo mfukoni. Kwa upande wa taasisi ya mikopo, usuluhishi wa hesabu ulikuwa mzigo, na mkopaji anayelipa kwa simu hakuwa tena na sababu kubwa ya kufika kwenye kikao cha kikundi, wakati kikao hicho ndicho kilichoushikilia mkopo. Huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ilikuwa ya kutuma pesa nyumbani, na urejeshaji wa mikopo ukawekwa pembeni. Baadaye Lonie alifanya kazi ya ushauri wa huduma za fedha kwa simu katika nchi nyingine. Anayemwajiri mtu wa namna hiyo ananunua miezi ile ya kukaa na mawakala na daftari zao.

Sasa tutazame fomu zetu za tathmini. Wasifu wa mtaalamu kiongozi hupewa alama kwa shahada, vyeti, miaka ya uzoefu na idadi ya kazi zilizofanana na hii. Mtu aliyezindua mifumo saba na kuondoka kila mara baada ya kukabidhi ripoti humshinda aliyeuhudumia mmoja kwa miaka sita, akaona seva zikilemewa mwisho wa mwezi na salio likikataa kulingana. Ndivyo tunavyojikuta na mifumo ambayo hakuna anayejua nywila yake kuu baada ya mkataba kwisha.

Sipuuzi jicho la mgeni. Aliyefanya kazi ofisi moja maisha yake yote naye huamini kwamba dunia nzima inaendeshwa kama pale, na Gerstner ni ushahidi wa faida ya kupita sehemu nyingi. Lakini pote huko alikokwenda baada ya McKinsey alibeba dhamana ya matokeo.

Napendekeza semina hii ipitishe maneno mawili ya kuingizwa katika hadidu za rejea. Kwanza, mtaalamu kiongozi ataje mfumo aliousimamia kwa angalau miezi kumi na miwili tangu uanze kutumika, na barua ya uthibitisho itoke kwa waliokuwa wakiutumia. Pili, sehemu ya malipo yake izuiliwe hadi hesabu za mwaka wa kwanza zifungwe kwa mfumo aliotushauri tuununue.